Shahidi Niliyemwita Bila Kumnywesha Chai

Nyinyi vijana mliorithi meza yangu pale Rosettenville, Johannesburg, kwanza poleni na ile droo ya chini. Haifunguki. Niliipiga mateke, nikaisomea dua, nikamwita fundi Mreno wa jirani, akaitazama na kutikisa kichwa kama daktari aliyeitwa mgonjwa ameshazikwa. Vijiko vyangu vya chai vimo humo. Nunueni vingine.

Na msicheke, vijiko ni jambo la maana. Kazi ya ofisi ya ushauri ni kukaa na mtu aliyeitwa na serikali, kumweleza ameitiwa nini, na kumsindikiza mpaka mbele ya meza yao. Nusu ya kazi hiyo ni karatasi, nusu iliyobaki ni chai. Karatasi nilizisomea shule ya usiku, mchana nikiuza sambusa. Darasa zima lilifaulu kwa sambusa zangu. Mwalimu alinenepa mpaka shule ikabidi ipanue mlango. Lakini chai haikuwamo kwenye mtaala. Chai nilifundishwa na Senhor Amaral, mzee wa Kireno aliyeianzisha ofisi yetu juu ya duka la samaki. Aliniajiri, alisema, kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza kuingia pale asikunje uso kwa ile harufu. Ningekunjaje uso kwa samaki, mimi mtu wa Tanga?

"Bi Mwanahawa," alikuwa akiniambia, "usimpeleke shahidi ambaye hujanywa naye chai."

Maana yake: mkalishe, mmiminie, mwache aseme yote anayokusudia kusema. Akimaliza, wewe ndiye uamue kama anakwenda kutoa ushahidi au anarudi nyumbani kwake kwa amani. Kanuni hiyo niliishika miaka yangu yote ya kazi, isipokuwa mara moja. Na kwa kuwa naambiwa mmeanza kupokea kesi za "nani analala kwako" na hamjui mzishikie wapi, acha niwasimulie hiyo mara moja.

Kesi hizi huanza hivi. Mama anapokea ruzuku, tuseme ya mtoto mwenye ulemavu. Alipoomba aliulizwa kama ana mume au mwenzi, akasema hana. Ruzuku ile hupimwa kwa kipato cha nyumba, na mwanamume akiwamo, chake nacho kinaingizwa. Sasa siku moja mama huyu anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Jirani anapiga simu: yule ana mwanamume ndani! Basi. Kamba imekwisha, serikali imeingia.

Zamani wakaguzi walikuwa watu wa viatu. Walibisha hodi, wakaketi kwa heshima, huku macho yao yakitambaa chini ya kitanda kutafuta viatu vya kiume. Bafuni walitazama miswaki. Nilikuwa na mteja mmoja Turffontein, mwenzangu wa Tanga, ambaye mkaguzi alipobisha alivitupia viatu vya mumewe ndani ya oveni. Mkaguzi akaketi. Akakubali chai. Binti wa nyumba, kwa adabu zake, akaona mgeni hawezi kunywa chai kavu, akawasha oveni apashe mkate. Wanangu, moshi ule ulionekana mpaka Sandton. Watu wa benki kule walishuka ngazi mbio wakidhani migodi ya dhahabu imefufuka.

Siku hizi viatu vimepungua thamani. Wanatazama akaunti ya benki: nani anaingiza, nani anatoa, na kwa nini. Wanatazama picha za besdei mlizozitundika wenyewe mtandaoni, baba mwenye nyumba yumo katikati, kisu mkononi, anakata keki. Kwa hiyo mteja akija, msimfundishe kuficha. Kuficha kunahitaji akili nyingi kila siku, na watu wetu wamechoka, wanatoka kazini saa moja. Badala yake ulizeni maswali ya chungu. Chungu kikiepuliwa, wanakaa akina nani? Kilichomo kanunua nani? Huyo mtu asipokuwapo wiki nzima, kazi gani ya nyumba inalala? Mkipata majibu ya hayo, mmeujua ukweli kabla ya mkaguzi, na ukweli ukiujua mapema unaweza kuutafutia mlango mzuri wa kutokea.

Haya. Mama Bahati.

Alikuwa Mkongo wa Uvira, mjane, msusi, mikono myepesi kama anacheza kinanda. Mwanawe Bahati hakuweza kutembea wala kusema. Alikuwa kijana tayari, mrefu kuliko mama yake, na ukimwimbia alicheka kwa mwili mzima, kiti kikatikisika. Ruzuku yake ndiyo ilikuwa nepi, dawa za kifafa, na nauli ya teksi ya kwenda kliniki, maana madereva walitoza Bahati nauli yake na kiti chake nauli yake, kana kwamba kiti nacho kina safari zake. Kwa ruzuku hiyo Mama Bahati aliweza kusuka watu nyumbani, mtoto yuko karibu. Ikikatwa, ingebidi ashinde saluni mjini, na Bahati apelekwe kwenye nyumba ya kulelea watoto wa aina yake, upande wa pili wa jiji. Alishakwenda kuiona.

"Si pabaya," aliniambia. "Wanawaoshaka, wanawalishaka. Lakini hakuna mwenye anawaimbia."

Barua aliyoletewa ilisema mawili: kwamba anaishi na mwanamume ambaye hakumtaja, na kwamba kila mwezi akaunti yake inaingiziwa pesa ambazo nazo hakuzitaja. Aitikie wito, ajieleze, ama ruzuku isimamishwe na mambo mengine yafuate. Mambo mengine, kwa lugha ya ofisi zile, ni kurudisha yote uliyokula, na pengine polisi.

Nikamkalisha, nikammiminia. Nikaanza.

"Mama Bahati, huyo mwanamume yupo?"

"Yuko. Anaitwa Gaston. Fundi wa cherehani."

"Analala kwako?"

"Analalaka."

"Basi ni mumeo."

Akaweka kikombe chini kama nimemtukana. "Hapana, mama! Haiko bwana yangu. Bado hajanioa."

"Chungu kikiepuliwa?"

"Tunakulaka pamoja."

"Bahati nani anamwinua kumpeleka kuoga?"

"Njo yeye Gaston. Mimi mugongo ilisha kataa."

"Sasa mama, kwa serikali huyo ni mume."

"Kwa serikali labda. Kwetu, mwanaume mwenye hajamaliza mahari ni mugeni tu, mwenye amechelewa kurudi kwake."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Lakini yeye hakuwa anatania. Gaston alianza kutoa mahari, hajamaliza. Mjomba Sadiki, aliyesimama mahali pa baba yake Mama Bahati, yuko Uvira, na ni mtu wa msimamo. Mpaka kitu cha mwisho kiwekwe mezani, binti hajatoka kwao. Angeandika vipi kwenye fomu kwamba ana mume? Ingekuwa ni kujioza mwenyewe, mjomba wake yu hai. Katika akili yake aliposema hana, alisema kweli tupu.

Nikamwuliza sasa habari ya zile pesa.

"Ni za Gaston."

"Za chakula?"

"Hapana."

"Za kodi?"

"Hapana, mama."

"Za nini basi?"

Akatazama dirishani, kule kwenye robot, taa za barabarani, ambapo teksi zinapigiana honi kutwa. "Ni za Gaston," akasema tena, taratibu. Nami kwa kuwa watu wengine walikuwa wananisubiri kwenye ngazi, nikaacha. Hilo kosa dogo. Subirini kubwa.

Kubwa lilikuja siku mbili tatu kabla ya siku ya wito, limevaa suti ya bluu. Alikuwa Pasta Yoeli, mchungaji wa kanisa la Mama Bahati, mtu wa Uvira naye, sauti kama spika ya harusi. Akasimama mlangoni: "Mama, nimesikia dada yetu anasingiziwa ameolewa. Hajaolewa! Mimi nitasimama mbele ya serikali niseme. Hata mbele ya jaji nitasema!"

Umeme ulikuwa umekatika. Birika baridi. Na kusema kweli niliona neema: mchungaji, suti, Biblia, sauti, ni nani angemshuku? Nikamwandikia saa na mahali, nikamshukuru, akaondoka na baraka. Senhor Amaral alikuwa marehemu wakati huo, lakini naamini aligeuka kaburini mpaka maua yakaanguka.

Siku yenyewe tukaenda mjini asubuhi. Gaston alikuja pia, akabaki koridoni na Bahati. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa shati lake. Ndani tukaingia watatu: Mama Bahati, Pasta, na mimi mkalimani.

Ofisa alikuwa mama wa Kizulu aitwaye Thandeka. Wenyeji wakimwita Sisi Thandeka, yaani Dada Thandeka, nami nikamwita hivyo. Si mkali, si mlaini. Mtu aliyesikia uongo wa kila kabila la Afrika kabla ya chakula cha mchana. Chumba kilikuwa na kiyoyozi kinachoweza kugandisha ng'ombe amesimama.

"Tuanze na huyo mwanamume," akasema. "Ni mume wako?"

"Hapana," Mama Bahati akajibu, na kabla sijamaliza kutafsiri, Pasta alikuwa amesimama.

"Ofisa, huyu dada hajaolewa! Mimi ni mchungaji wake, nashuhudia."

Nikatafsiri, kifua mbele.

"Mchungaji amejuaje?" akauliza Sisi Thandeka.

"Najua kwa sababu tumemtenga! Yuko chini ya nidhamu ya kanisa. Meza ya Bwana hagusi, kwaya haimbi, anakaa benchi ya nyuma. Kama angekuwa ameolewa, tungemtenga juu ya nini?"

Wanangu, mkalimani haruhusiwi kumeza. Nilitafsiri, lakini maneno yalitoka kinywani kama meno.

Sisi Thandeka akaegemea mbele. "Ametengwa kwa kosa gani?"

"Kukaa na mwanaume nyumba moja bila ndoa! Miaka sasa! Chakula kimoja, kitanda kimoja, tumemwonya, mimi mwenyewe nimekwenda pale kumwonya, nikamkuta huyo Gaston amevaa kaptula!"

Pasta akaketi, akapangusa paji la uso, akanigeukia na uso uliojaa wema. "Nadhani nimemsaidia," akaninong'oneza.

Ilikuwa hapo ndipo nilipoelewa chai ni ya nini. Kwa kanisa, kutoolewa ndiko kosa lake. Kwa ofisi ya ruzuku, kukaa pamoja ndiko kosa lake. Ushahidi ule ule uliomwokoa upande huu ulimzamisha upande ule, na Pasta hakuwa na habari kwamba kuna pande mbili. Laiti ningemmiminia kikombe kimoja tu, kaptula ya Gaston ingeishia Rosettenville.

Sisi Thandeka aliandika muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, "Basi yuko mwenzi. Hilo tumelimaliza. Hakutajwa, lakini naona kuna mambo ya mila hapa, nitalitazama. Linalonisumbua zaidi ni hizi pesa." Akageuza skrini. "Zinaingia kila mwezi. Zinakaa. Halafu mara moja moja zinatoka zote kwa mkupuo kwenda Congo. Mama huyu ana biashara? Anatunza pesa za watu? Nikikosa jibu la hili, sina namna, nasimamisha ruzuku ya mtoto."

Nikatafsiri.

"Mama Bahati," nikamwambia, "hapa ndipo. Sema."

Akamtazama Pasta. Akatazama chini. Nikafuata yale macho, nami, mwenye cheti cha shule ya usiku kilichotundikwa ukutani kwa misumari minne, hapo ndipo nikang'amua: alikuwa na jibu, ila shahidi niliyemleta mwenyewe ndiye mtu pekee Johannesburg nzima ambaye Mama Bahati hawezi kulisema mbele yake.

"Sisi," nikasema, "mchungaji anaweza kupumzika nje kidogo?"

"Mimi sichoki!" Pasta akajibu. "Mjomba wake alinikabidhi huyu dada kwa mkono wangu. Siwezi kumwacha mbele ya serikali peke yake."

Alisema kwa moyo safi kabisa. Hakuna kitu kigumu kukitoa chumbani kama moyo safi.

Nje, koridoni, Gaston alikuwa anamwimbia Bahati kitu cha kwao, chini kwa chini, na tukasikia kiti kinaanza kutikisika. Mama Bahati akasikiliza kidogo. Kisha akainua kichwa.

"Ni mahari yangu," akasema.

Pasta akafungua mdomo.

"Benki ilifunga akaunti ya Gaston juu ya permit yake imekufa," akaendelea, sasa maneno yanakimbia. "Akiweka ndani ya nyumba, iko tu mkononi, inaishaka. Mjomba hatakaki kidogo kidogo, anasemaka mahari haiko umeme wa kununua kila wiki. Anataka ikusanyike. Njo Gaston akasema weka wewe. Njo nikaweka. Ikijaa tunatuma."

"Dada," akasema Pasta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Wewe mwenyewe unatunza mahari yako mwenyewe? Bibi harusi?"

"Njo hivyo."

"Na mjomba anajua?"

"Angejua, ningekuwa naficha?"

Nikamtafsiria ofisa yote, nikijiandaa kueleza mila za watu kwa Kiingereza cha darasani. Hakuhitaji. Alikuwa ameweka kalamu chini, mkono mdomoni.

"Anatunza lobola yake mwenyewe?" akasema; lobola ndiyo mahari kwao. "Eish!" Akacheka kidogo, akajizuia, akacheka tena. "Ya kwangu ilitunzwa na kaka wa mume wangu. Ng'ombe wawili waligeuka bia." Kisha akarudi kazini, uso ukafungwa. "Naamini. Lakini siwezi kuandika kwamba naamini. Huyo anayepokea kule Congo ni nani?"

"Mjomba wake."

"Basi aniambie yeye. Nani ana namba yake?"

Sote tukamtazama Pasta.

Alipiga, akaweka spika. Ililia weee, nikadhani imevuka ziwa na kurudi. Kisha sauti ya mzee, kavu: "Halo! Pasta! Kuna nini, nani amekufa?"

"Hakuna mwenye amekufa, mzee. Tuko kwa serikali."

"Serikali ya wapi?"

"Ya huku. Kuna mama mmoja wa serikali anauliza, zile pesa, zile franga zenye unapokeaka kutoka kwa Gaston ni za nini?"

Mama Bahati alifumba macho. Kama mjomba angeona aibu, kama angejibu sijui franga gani, ruzuku ya Bahati ingeishia pale.

"Zile?" mjomba akafoka. "Ni za mahari! Na ni kidogo! Mwambie huyo mama wa serikali kijana bado ananidai uvumilivu! Mbuzi hazijatimia, blanketi ya bibi haijafika, suti yangu hata kifungo sijaona! Kama serikali ya huko inaweza kumkamata, imkamate!"

Nikatafsiri neno kwa neno, na wanangu, sijawahi kutafsiri malalamiko kwa furaha kama ile. Sisi Thandeka aliandika haraka, midomo imebanwa. Mzee yule katika kulalamika kwake alikuwa amesema yote: pesa ni mahari, zinamfikia, na hakuna mtu katikati anayezila.

Ingeishia hapo, lakini mjomba hakuwa mjinga.

"Pasta. Na kwa nini serikali inauliza mimi? Franga za Gaston, si waulize Gaston?"

Pasta akamtazama Mama Bahati. Ningependa kuwaambia alinyamaza. Alikuwa mchungaji, hakujua kunyamaza.

"Juu zinakaaka kwa akaunti ya binti yako, mzee."

Jogoo akawika upande ule wa simu.

"Binti yangu yuko hapo?"

"Niko, mujomba."

"Mahari yako, iko inakaa kwako?"

"Njo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na huikulaka?"

"Sikulaka, mujomba."

"Hata mutoto alipolazwa hospitali, ule wakati?"

"Hata ule wakati."

"Hata ile gurudumu ya kiti chake ilipovunjika? Ulinipigia, ukalia, ukasema hauna kitu."

"Sikukuwa na kitu, mujomba. Ile ilikuwa yako. Nilifunga gurudumu na waya."

Sikutafsiri hapo hapo. Sisi Thandeka aliniinulia nyusi, nami nikaonyesha kidole: subiri. Mzee alikuwa anapumua.

"Gaston iko wapi?"

Nikamwita. Akaingia na Bahati, gurudumu lina waya kweli, linalia kwii kwii.

"Wewe kijana. Kwa nini ulimpa yeye atunze? Kwa nini haukutunza mwenyewe kama mwanaume?"

Gaston akasugua kiganja kwenye suruali. "Juu mimi ningeikula, mujomba."

Nilipotafsiri hilo, Sisi Thandeka alipiga meza kwa kofi. "Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema ukweli katika ofisi hii mwaka huu!"

"Nani anacheka?" mjomba akauliza.

"Serikali, mzee," akasema Pasta.

"Hm." Akawaza. Nilimsikia akiwaza; alikuwa mtu wa kuwaza kwa sauti ya pua. "Pasta, na weye utakwenda kusimulia watu wa Uvira wote wa huko. Nakujua. Watasema, Sadiki anaendelea kudai, na binti amefunga kiti cha mutoto na waya. Basi. Imetosha. Yenye imebaki nimeacha. Kijana, umesha oa." Akakohoa. "Suti sijaiacha."

Simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa mkono wake.

Majibu rasmi yalikuja baada ya wiki kadhaa, na yalikuwa mazuri. Kipato cha fundi wa cherehani wa kibarazani kilipounganishwa na cha msusi, bado hakikufika pa kuigusa ruzuku ya Bahati. Angetajwa tangu mwanzo, kusingekuwa na kesi. Kumbukeni hilo kila mteja anapokuja na mtu aliyefichwa: mara nyingi anayefichwa hana hata uzito wa kutikisa mizani, na anayeogopwa si serikali, ni mtu wa nyumbani. Mtafuteni huyo wa nyumbani kwanza. Na mashahidi wanywesheni chai, hata kama itabidi mkoleze mkaa kwenye ngazi za duka la samaki.

Lakini siku ile pale ofisini hatukuyajua majibu. Tulikuwa tumeduwaa tu. Gaston alikuwa ameketi bila kukaribishwa. Pasta alifungua Biblia, akaifunga, akasema mambo ya kanisa yangefuata Jumapili, benchi ya mbele ina nafasi.

Sisi Thandeka alivuta fomu mpya.

"Nirekebishe maelezo," akaniambia. "Niambie vizuri. Ameolewa au hajaolewa?"

"Alipoingia alikuwa hajaolewa," nikasema. "Sasa ameolewa."

"Tarehe ya ndoa niandike lini?"

Nikamgeukia Mama Bahati, nikamtafsiria. Alikuwa ameinama anamfuta Bahati mdomo kwa ncha ya kitenge. Hakuharakisha. Alimaliza, akakunja ncha, akamtazama ofisa usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Mwambie aandike leo," akasema. "Lakini aandike mchana. Asubuhi sikumudanganya."